Treni ya mtoto: betri za kuchaji au za kutupa?

mama_wa_ipagala (Dodoma)

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada wa anayezijua betri.

Mwezi wa kumi na mbili tulipanda treni ya umeme ya SGR na mwanangu wa miaka mitano kutoka Dar, na tangu siku hiyo hana habari nyingine. Pale stesheni aliniuliza, "Mama, betri yake iko wapi?" Nikamwonyesha waya wa juu, hakuridhika. Baba yake akamnunulia Kariakoo treni ya plastiki: injini, mabehewa matatu, reli za kuunganisha na daraja moja la kupanda na kushuka. Injini inakula betri mbili za AA, hizi za saa ya ukutani.

Betri za duka la hapa mtaani ni jozi Sh 1,000. Ukiziweka treni inatoka mbio, lakini haipiti saa nzima imeshashindwa daraja. Inanguruma pale chini, magurudumu yanazunguka mahali pamoja, na mtoto analia. Mwezi uliopita nimenunua jozi 15. Bibi yake akasema tuzianike juani kama zamani. Tumeanika, zikaamka dakika chache zikalala tena. Sasa nina kopo la maziwa limejaa betri zilizokufa, na roho inakataa kuzimwaga jalalani maana pale wanachoma takataka karibu na nyumba za watu.

Nimeona dukani betri nne za kuchaji pamoja na chaja yake, Sh 48,000. Zimeandikwa volti 1.2, wakati za kutupa ni 1.5. Muuzaji anasema ni sawa tu. Sawa vipi, mbili zinafika 2.4 na treni imeandikwa 3? Naogopa kutoa hela yote hiyo halafu daraja lisipandike kabisa. Kuna nyingine pia umbo lile lile zimeandikwa 3.7, akaniambia hizo ndizo zenye nguvu. Nichukue zipi?

fundi_redio (Tanga)

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa.

Nianze na hizo za 3.7: usizitie kwenye treni hata kwa kujaribu. Ni lithiamu, umbo la AA lakini kazi nyingine kabisa. Mbili zikijaa zinapita volti 8 kwenye mota ya volti 3. Treni itaruka relini, kisha mota itaungua. Na ukiziweka kwenye chaja ya hizi za 1.2 unaweza kuwasha moto ndani ya nyumba. Muuzaji anayekupa hizo kwa ajili ya mtoto hajui anachouza.

Sasa hofu yako ya 1.2. Hiyo 1.5 ni ya betri mpya ambayo haijaanza kazi. Betri ya kutupa huanza kushuka dakika ile ile mota inapoanza kuvuta, na inaendelea kushuka mpaka inakufa. Ya kuchaji, ile ya nikeli iliyoandikwa Ni-MH, inakaa kwenye 1.2 karibu muda wake wote, inaporomoka mwishoni tu. Kwa hiyo mwanzo treni itakuwa taratibu kidogo kuliko ulivyozoea, lakini saa moja baadaye itakuwa inaipita ile ya betri za kutupa.

Daraja ndilo linaloamua. Nilipima kwa mita treni ya mtoto wa dada yangu: tambarare ilivuta umeme wa miliampea 300 hivi, kwenye mlima ikapita 500. Hizo betri zako za Sh 1,000 kwa jozi ni za kaboni na zinki. Zimefaa saa ya ukutani na rimoti, vitu vinavyovuta kidogo kidogo. Ukizivuta kwa nguvu zinalegea, na ukizipumzisha zinapata nafuu kidogo, ndiyo maana jua la bibi lilionekana limefanya kazi. Alkalaini, aina nyingine ya kutupa, zinavumilia zaidi, lakini kwa mtoto anayecheza kila siku bado utakuwa unalipa kila wiki. Ya nikeli inatoa mkondo mkubwa bila kulegea.

Ukinunua, soma mAh, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba. AA nyingi za nikeli za kweli ziko kati ya 1,900 na 2,600. Ukikuta imeandikwa 4,000, iache hapo hapo. Chagua chaja yenye taa ya kila betri peke yake. Na jozi moja itembee pamoja siku zote, usichanganye iliyojaa na iliyochoka, wala ya kuchaji na ya kutupa, kwa sababu iliyochoka inasukumwa na mwenzake mpaka chanya na hasi zake zinageuka, na inaharibika.

Kabla ya yote pindua injini uangalie ekseli, ule mhimili wa magurudumu, kama kuna kitu kimeukwamisha.

bi_likoni (Mombasa)

Fundi kasema kweli. Mimi naongeza la kuziweka. Mjukuu wangu huja likizo, akiondoka gari lake la moshi hulala kabatini miezi mitatu. Mwaka juzi nilisahau alkalaini ndani. Nilipofungua nikakuta unga mweupe, springi imeliwa. Nilivaa glavu, nikasugua kwa pamba yenye siki, nikafuta kwa kitambaa, nikakausha. Lilitembea tena, alhamdulillahi, lakini springi moja ilibidi ibadilishwe. Mwanangu, kama treni haichezewi, betri zitoke, za aina yoyote.

mama_wa_ipagala (Dodoma)

Shikamoo Bi. Fundi, asante sana. Leo ni wiki ya tatu, narudi na majibu.

Nilipindua injini kama ulivyosema. Kwenye ekseli ya nyuma kulikuwa na nywele zangu za rasta na nyuzi za kapeti zimejizungusha mpaka gurudumu halizunguki vizuri. Nilizikata kwa kiwembe taratibu. Hata na betri za zamani ilipiga hatua.

Nikanunua zile nne, 2,000 mAh. Mwanzo mtoto alisema "Mama, imechoka", maana tambarare inakwenda polepole kuliko ilivyokuwa. Lakini daraja inapanda na mabehewa yote matatu. Jumamosi alianza baada ya chai ya asubuhi, akala, akalala, akarudi, na jozi ile ile ikafika adhana ya alasiri. Jozi moja nimeipaka rangi ya kucha nyekundu, nyingine nimeiacha hivyo hivyo, ili zisichanganyike. Yeye mwenyewe ndiye anayeniambia, "leo zamu ya nyekundu".

Swali la mwisho: zikiwa kwenye chaja zinapata joto. Ni kawaida?

fundi_redio (Tanga)

Uvuguvugu ni kawaida, hasa zikikaribia kujaa. Kama huwezi kuishika mkononi, chomoa. Na isikae juu ya kitanda wala kochi, iweke sakafuni au mezani.

Lile kopo la betri zilizokufa lifunike, liwe mbali na mtoto.