Kupitia kazi zote kila wiki: ni siku gani inashika, na ni kaunta buku ama simu?

Msanifu_Ngara
Wadau habari zenu. Mimi niko Ngara, nafanya kazi za michoro na uchapishaji, kadi za harusi, mabango, lebo za bidhaa na kadhalika. Shida ni kazi ziko nyingi kwa wakati mmoja na kila moja imekwama mahali pake, moja inangoja mteja akubali sampuli, ingine inangoja depoziti, ingine iko kwa mashine na hakuna mtu ananiambia imefika wapi. Nataka nizoee kukaa chini mara moja kwa wiki nipitie kila kitu, kazi ndogo na miradi mikubwa, nijue nini kinafuata. Nimebaki na Ijumaa jioni, Jumapili usiku na Jumatatu asubuhi kabla wateja waanze kupiga simu. Alafu kuna hii ya kuandika, kaunta buku ama programu ya simu? Naomba mtu aniambie yenye anafanya mwenyewe na kwa nini inamfaa.

Mhasibu_UpperHill
Ijumaa, lakini usingoje jioni, fanya saa nane mchana ukitoka lunch. Sababu ni moja tu, ukigundua saa nane kwamba mtu hajakutumia kitu bado unaweza kumpata ofisini. Jumapili usiku utagundua hicho hicho na hakuna wa kupigia, sasa unalala nacho kichwani.

Sisi wa hesabu tuko na tarehe zenye hazisongi, PAYE, ile kodi ya mishahara, ni kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT, kodi ya mauzo, tarehe 20, kwa hivyo kalenda ndio naanza nayo. Naangalia wiki mbili mbele na pia wiki yenye imeisha. Hiyo ya nyuma watu wengi wanairuka na ndio iko na mali, ukiona pale ulikuwa na mkutano Jumanne ndio unakumbuka kuna mtu ulimwambia utamtumia bei, na hujatuma, na hukuandika popote.

Kitu kingine, fungua statimenti ya M-Pesa ya hiyo wiki uisome mstari kwa mstari. Kwa kazi kama yako kila pesa imeingia ni ahadi umempa mtu. Ukiona depoziti na huoni hiyo kazi kwa orodha yako, hapo ndipo kuna tatizo.

Kontrakta_Ruiru
Naheshimu mhasibu lakini kwa saiti Ijumaa haiwezekani, ni kukimbizana na hesabu ya vibarua mpaka giza. Mimi ni Jumamosi nikishamaliza kuwalipa, naketi ndani ya gari palepale saiti na kaunta buku, ile kubwa ya jalada gumu.

Ukurasa wa kushoto ni nyumba zenye najenga, kila moja imefika wapi na hatua inayofuata. Wa kulia nimeandika juu NANGOJA, alafu chini ni jina la mtu, kitu chenye anadaiwa, na siku alisema ataleta. Kwa mfano "mwenye mbao, fremu za milango, alisema Jumatano". Hiyo kulia ndio inaniokolea pesa kwa sababu watu wakifika Jumatatu asubuhi na fremu hazijaletwa nitawalipa wamekaa. Nikiiona Jumamosi napiga simu saa hiyo hiyo, fundi wa mbao Jumamosi mchana unampata.

Msanifu kazi zako zote tatu umetaja hapo juu zinangoja mtu mwingine. Anza na huo ukurasa wa kulia kabla ya kitu chochote.

Masta_na_Mtoto
Natetea Jumapili usiku kidogo. Nimeajiriwa mchana, nasoma masta jioni, mtoto akilala Jumapili ndio nyumba inatulia, hakuna saa ingine. Na si lazima upige mtu simu usiku, unaandika imeili unaipanga itoke Jumatatu saa mbili asubuhi. Lakini kama biashara ni yako na una uwezo wa kuchagua, fuata mhasibu, maana Jumapili ukipatwa na wageni ama safari ya ushago imeenda hivyo.

Duka_Eastleigh
Assalam aleikum. Kwetu Ijumaa mchana ni swala kwa hivyo hiyo saa nane haitushiki. Mimi ni Alhamisi baada ya kufunga duka. Ninachotaka kusema ni kwamba siku yenyewe si kitu kikubwa kama kile umeifunga nacho. Kila Alhamisi lazima nihesabu mzigo umebaki, hiyo haikosi hata ninyeshewe, so nikimaliza kuhesabu siinuki, nageuza ukurasa napitia mengine. Ukitegemea alamu ya simu peke yake utaizima siku una mteja mbele yako, na wiki inayofuata utaizima bila hata mteja. Kontrakta ameifunga na malipo ya vibarua. Wewe huko Ngara kuna kitu gani unafanya kila wiki bila kukosa?

Kodi_Kilimani
Niongeze upande wa zana. Huu utaratibu ulipata umaarufu na David Allen wa Marekani, kitabu chake kilitoka 2001, na mpangilio wake ni mwepesi, kwanza unakusanya kila kitu kimetapakaa, pili unasasisha orodha na kalenda, tatu unafikiria mapya. Mradi kwake ni chochote kinachotaka hatua zaidi ya moja. Hii inasaidia sana, kwa sababu "kadi za harusi ya mteja wa Syokimau" huwezi ukaifanya, ni kubwa, lakini "kumtumia sampuli ya rangi kwa WhatsApp" unaifanya ukiwa kwa matatu.

Sasa, kwa programu za simu, Trello inaweka kila kazi kwa kadi yake, ni nzuri kwa kazi zenye zinapita hatua moja moja kama zako, unaona kadi imekwama wapi kwa kuangalia tu, na mkiwa wawili kazini kila mtu anaona. Todoist, yenye ni ya orodha, ni nzuri kwa vitu vya kurudia. Lakini zote zinakuficha mambo, orodha ikirefuka unaacha kuskroli. Karatasi haifichi kitu. Ubaya wa karatasi ni ukiisahau kwa nyumba ama ikinyeshewa. Mimi kalenda iko kwa simu, miradi iko kwa daftari, na sioni haja ya kuchagua moja.

Na kama kitu kinachukua chini ya dakika mbili kimalize hapo hapo.

Kontrakta_Ruiru
@Kodi hiyo ya dakika mbili inafaa siku za kawaida, lakini ukiwa unapitia kazi inaua zoezi lote. Unajibu meseji moja, anajibu, unamjibu tena, unashtukia giza limeingia na hujafika ukurasa wa pili. Simu za NANGOJA napiga nikishamaliza kusoma zote.

Kodi_Kilimani
Hapo nakubali, hasa kama WhatsApp ndio ofisi yako. Weka simu kwa flight mode mpaka ufike mwisho.

Msanifu_Ngara
Shukrani sana, nimejifunza. Nikifikiria swali la Duka_Eastleigh, kila Ijumaa mchana lazima nipeleke mafaili kwa mwenye mashine huko River Road, na huwa nangoja hapo akiyafungua. Basi hapo ndipo nitakaa na kaunta buku, NANGOJA kwanza, alafu M-Pesa, alafu kalenda. Kontrakta, kazi ikikaa kwa huo ukurasa wiki baada ya wiki unafanyaje? Unaikopi tu kwa ukurasa mpya?

Kontrakta_Ruiru
Naikopi mara moja na naandika tarehe mpya kando. Ikifika mara ya pili siikopi tena, nampigia mwenyewe namuuliza kama bado anaitaka. Wengi wanasema waliachana nayo kitambo na hawakujua watakuambia vipi, na hiyo nafasi naipatia mteja mwingine.

Mhasibu_UpperHill
Na kabla uifute rudisha depoziti ama muandikiane imeenda wapi. Hiyo pia iandike kwa ukurasa wa kulia.