Wafuasi wapo, wateja hawaonekani: ukurasa wa kazini umekwama, naomba ushauri

MwaniBwejuu: Assalamu alaykum ndugu zangu. Nashika ukurasa wa Instagram wa karakana ya sabuni za mwani. Wafuasi ni 11,400, lakini posti ikijitahidi sana laiki 25, na bei haulizi mtu. Jumanne nimeweka video ya kina mama wanavuna, nikaandika "leo asubuhi", laiki 22. Bi Mkubwa, mwenye karakana, anataka hoteli zitujue kabla ya Juni, na Ijumaa ana kikao na mimi. Nimwombe simu yenye kamera nzuri, au tuanzishe blogu?

FundiPicha: Wa alaykum salaam. Simu uliyonayo inatosha. Meza isogeze dirishani pasipoingia jua lenyewe, upande wa pili simamisha karatasi nyeupe iregeshe mwanga kwenye kivuli. Ukipiga nje saa sita mchana, sabuni inameta juu na ubavu unakuwa mweusi, ile chembechembe ya mwani haionekani tena. Kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa kikavu, maana chumvi ya pwani hutanda pale na picha nzima hutoka na ukungu. Za shambani zinataka bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji yakipwa kwenye saa nne asubuhi. Shika simu wima, chuchumaa mpaka usawa wa kamba, urekodi mikono inafunga tai-tai, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani, kwa sekunde tano bila kutikisika. Na uombe ruhusa kwanza. Mwenye kukataa uso wake, mikono inatosha.

BintWete: Mimi najibu la blogu. Makala moja nzuri inashinda posti hamsini, kwa sababu posti ya leo keshokutwa imezama, makala mtu anaitafuta Google akaikuta mwakani. Iandikeni Aprili, wakati wa masika wageni wachache, ili ikifika Juni ishaanza kuonekana. Elezeni mwani unavyotoka kwenye kamba, unavyoanikwa na kusagwa, mpaka unapoingia kwenye mafuta ya nazi na kostiki soda, na kwa nini sabuni hukaa wiki nne mpaka sita ndio iuzwe. Semeni kilimo hiki kilianza Unguja 1989 na kwamba wengi wanaolima ni wanawake. Lakini msiandike kuwa sabuni inatibu ukurutu. Ukishasema inatibu umeigeuza dawa, na hayo ZFDA, wakala wa chakula na dawa Zanzibar, watakuulizeni.

MzeeWaMkoani: Mwanangu, hesabu hii haikai. Watu 11,400, laiki 25? Wafuasi hao umewanunua?

MwaniBwejuu: Nilinunua 9,000 mwaka jana. Lakini sikufanya kwa ubaya mzee wangu, hoteli ikiona ukurasa una watu 2,400 inaona ni biashara ya mtoto. Nimeshafikiria njia: nafungua ukurasa mpya, huu naufuta.

MzeeWaMkoani: Usifute. Siku 30 zikipita hauregei, na jina ambalo wateja wanalijua huenda usilipate tena. Kilichokuua ni hiki: posti huonyeshwa kwanza kwa sehemu ya wafuasi, wakiipenda ndio inasambazwa mbele. Wako wengi ni akaunti zisizo na mtu ndani, basi posti inafia mlangoni. Waondoe kwenye orodha mmoja mmoja, mia hivi kwa siku, ukienda mbio Instagram inakuzuia. Na mnunuzi wa hoteli hahesabu wafuasi. Anataka uzito wa kipande, bei ya jumla, mnaweza kutoa vingapi kwa mwezi, na usajili. Hayo yawe kwenye katalogi ya WhatsApp Business, na kiungo chake juu ya ukurasa. Sasa nijibu jengine: akaunti iko kwenye laini ya nani?

MwaniBwejuu: Yangu. Na barua pepe yangu. Bi Mkubwa hajui. Ukurasa mpya pia nilikusudia kuuweka kwenye laini yangu, kwa sababu kazi yote naifanya mimi, hata bando nanunua mimi.

UmmuSalma: Mdogo wangu, jina la karakana ni amana. Bando liandikie risiti udai, hiyo ni haki yako. Ukurasa si wako.

NahodhaKizimkazi: Mimi naona uzi huu umetungwa. Video ya kuvuna "leo asubuhi" Jumanne? Jumanne mwezi ulikuwa wa siku saba, maji mafu, bahari hairudi nyuma kiasi hicho. Kina mama walivuna kwa kupiga mbizi?

MwaniBwejuu: Wallahi sijatunga. Nilirekodi bamvua lililopita. Nikaandika "leo" ionekane mpya.

NahodhaKizimkazi: Basi kalibadilishe neno hilo sasa hivi, maelezo yanaharirika. Mtu wa pwani akiliona haamini tena hata bei yenu.

MzeeWaMkoani: Turudi kwenye laini. Namba ikikaa muda bila kutumika hufungwa na kupewa mwengine, na misimbo ya kufungulia akaunti inamfuata huyo. Chukueni laini iliyosajiliwa kwa jina la karakana na barua pepe ya ofisi. Ingia Kituo cha Akaunti, ongeza hizo mpya, zithibitishe kwa msimbo, ndipo uondoe zako. Ukianza kwa kuondoa unajifungia nje. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, na misimbo ya akiba ikae kwenye daftari la ofisi. Wewe jiongeze kupitia Meta Business Suite, chombo cha kusimamia kurasa za biashara, kama mfanyakazi, utaposti kama kawaida.

MwaniBwejuu: "Leo asubuhi" nimelitoa. Sikungoja Ijumaa, niko na Bi Mkubwa hapa. Ya wafuasi nimemwambia, amenyamaza muda mrefu, kisha akatoa laini ya karakana kwenye mtoto wa meza. Msimbo umeingia, ananisomea.