Ukoo wa Mtoni (kundi la familia): asubuhi baada ya pambano la ngumi la Itauma na Whyte

*Jumapili, 17 Agosti 2025*

Salim Kent: Shikamooni wakubwa. Mmeona? Dakika moja na sekunde 59. Dillian Whyte chali 🥊🥊

Mjomba Hamisi: Marahaba. Nimekesha na bando langu lote, pambano limekwisha kabla chai haijapoa.

Shangazi Rehema: Nani kafa tena?

Salim Kent: Hajafa mtu shangazi, ni ngumi 😂

Shangazi Rehema: Mnatuandikia "chali" asubuhi yote hii. Na michango ya send-off mwisho tarehe 25. Wapo humu hodari wa ngumi, kwenye orodha hawaonekani.

Salim Kent: Natuma leo shangazi, haki ya Mungu. Ila naomba niseme kitu na kiandikwe: Moses Itauma ndiye. Miaka 20, mapambano 13, KO 11 (kawamaliza kabla ya muda). Mimi nakaa jirani na Chatham, huku Uingereza, alikokulia, kinyozi wangu hana habari nyingine.

Mjomba Hamisi: Ndiye nani?

Salim Kent: Mfalme ajaye wa uzito wa juu. Bingwa Usyk ana miaka 38, na wakubwa wa Uingereza, Joshua ana 35, Fury kasema kastaafu. Nani mwingine?

Mjomba Hamisi: Whyte ana 37. Aliyempiga jana ni jina la Whyte, mwenyewe alishabaki Wembley kwa Fury mwaka 2022. Kijana ana kasi, ana kushoto kubaya, hilo silikatai. Lakini hajawahi kuvuka raundi ya sita. Hajaguswa kidevu tukaona macho yake yanafanyaje.

Salim Kent: Tyson naye alikuwa anamaliza watu hivyo hivyo.

Mjomba Hamisi: Tyson alipigana mara kwa mara, karibu kila mwezi, na wapo waliompeleka raundi kumi. Novemba 1986 anamvunja Berbick na kuchukua mkanda akiwa na miaka 20 na miezi minne, alishajua pambano refu linavyouma mapafu. Huyu wako kapita umri huo bila mkanda. Si dhambi, ila msituambie ni Tyson.

Shemeji Kabeya L'shi: Bonjour famille. Mimi nasema kitu kimoja: Jared Anderson.

Salim Kent: Shemeji kaanza 😂😂

Shemeji Kabeya L'shi: Wamarekani waliimba Anderson, Anderson, huyu ndiye mwenyewe. Agosti 2024, Los Angeles, kwao kabisa. Martin Bakole, mutoto wa Kasaï, kwetu Congo, akamuangusha raundi ya kwanza, ya tano refa akasimamisha. Kisha wakanyamaza.

Salim Kent: Na Parker alimfanya nini Bakole, Riyadh, raundi ya pili?

Shemeji Kabeya L'shi: Mutu anaitwa siku mbili mbele ya pigano! Dubois, mwenye kupigana na Parker, kaugua, wanamupigia Bakole simu, anapanda ndege, anapanda ulingoni na kilo zaidi ya 140. Ile si pigano, ile ni kazi ya kibarua.

Mjomba Hamisi: Hapo shemeji kasema kweli. Pesa ya Riyadh ni tamu, bondia akipigiwa simu hata akiwa na homa anasema ndiyo. Sasa kila kitu kinakwenda kule kwa sababu Waarabu wanalipa, na ndiyo maana nyota wanataka kutengenezwa haraka haraka.

Mama Idrisa: Kaka, kwa kuwa mpo kwenye ngumi. Kuna promota kaja hapa nyumbani jana jioni. Kamuona Idrisa anabeba magunia dukani kwa baba yake, anasema mtoto ana kilo mia na miaka 17, ni dhahabu. Anataka apigane ngumi za kulipwa Desemba.

Mjomba Hamisi: NANI HUYO

Mama Idrisa: Usinipigie kelele. Nauliza tu.

Mjomba Hamisi: Hajui hata kukunja ngumi, Desemba alipwe kwa kupigwa? Usisaini karatasi yoyote. Hata akikuletea mchele.

Mama Idrisa: Kaleta mafuta ya kula lita tano.

Shangazi Rehema: Mafuta yapokee, karatasi uikatae.

Salim Kent: 😂😂😂 Lakini mjomba, kuchelewa si hoja. Joshua alianza ana miaka 18, mwaka 2012 akachukua dhahabu ya Olimpiki London. Wilder alianza ana 20 hivi, 2008 akarudi na shaba ya Beijing.

Mjomba Hamisi: Wote hao uliowataja wamepita wapi? Ridhaa. Joshua alikuwa kambi ya taifa Sheffield, analishwa na kufundishwa kwa hela ya bahati nasibu ya taifa, kuna madaktari, kuna wa kupigana nao wenye kilo zake. Usyk naye kapigana ridhaa mapambano zaidi ya 300. Mia tatu! Ndiyo maana anamsoma mtu kama gazeti.

Salim Kent: Fabio Wardley hakupita ridhaa. Alikuwa mtu wa ofisini, akaanza na ngumi za hisani.

Mjomba Hamisi: Na Juni pale Ipswich mpinzani wake, yule Huni, alikuwa anamfundisha raundi tisa nzima. Ya kumi likampata konde moja, basi. Utamjengea mtoto wa dada yako maisha juu ya konde moja?

Salim Kent: Sawa, hapo nimekaa.

Mjomba Hamisi: Ngoja nimalizie, maana hili linaniudhi. Watu wanatafuta jitu. Kila mwaka wanaleta jitu jipya. Anayewapiga majitu ni Usyk, katoka uzito wa chini yake. Desemba Fury alimzidi karibu kilo 25 na bado akashindwa kwa majaji wote watatu. Mwezi jana Dubois, kijana wa miaka 27, kakalishwa raundi ya tano. Kilo mia ni mzigo tu kama miguu haina akili.

Shemeji Kabeya L'shi: Vrai. Ali kule Kinshasa 1974 alikuwa mudogo mbele ya Foreman.

Mjomba Hamisi: Mdogo kwa nguvu. Kwa urefu walilingana. Na Dubois huyo huyo mnamuona leo, 2020 alipiga goti kwa Joe Joyce mfupa wa jicho umevunjika, wakamwita mwoga. Baada ya hapo akampiga Joshua Wembley. Mimi nyota namtambua kwenye pambano linalofuata baada ya kipigo, si kabla.

Salim Kent: Kwa hiyo unamwombea Itauma apigwe?

Mjomba Hamisi: Namwombea apigwe kidogo.

Mama Idrisa: Kaka mimi nimeuliza la mtoto.

Mjomba Hamisi: La mtoto ni hili. Hapa mjini nani wa kilo mia atafanya naye mazoezi? Wetu wengi ni uzito mdogo na wa kati. Atashindana na wa kilo 75 wanaomkimbia, atazoea kusimama kama mnazi. Kenya walimpata Elly Ajowi, askari, akafika Olimpiki ya Tokyo. Pambano lake la kwanza kapewa La Cruz wa Cuba, aliyeondoka na dhahabu. Ndiyo pengo lenyewe. Akitaka, aje kwangu jioni, mwaka mzima wa kamba na kivuli, kisha ridhaa. Promota asimuone mpaka nimwite.

Mama Idrisa: Ana mtihani wa kidato cha nne Novemba.

Mjomba Hamisi: Basi aje baada ya mtihani.

Salim Kent: Na Marekani mbona hawana mabingwa wa uzito wa juu? Zamani ilikuwa kwao.

Mjomba Hamisi: Mara ya mwisho kuchukua dhahabu ya Olimpiki kwenye uzito mkubwa kabisa ilikuwa 1984, Tyrell Biggs. Mtoto mwenye mwili kule anachukuliwa na kikapu na ule mpira wao wa helmeti, analipiwa shule, hapigwi kichwani bure. Ngumi zinapata waliobaki.

Shemeji Kabeya L'shi: Helmeti nayo wanagongana kichwa 😅

Mjomba Hamisi: Wanagongana wakiwa na bima.

Idrisa 🏀: Shikamooni. Mama kanionyesha. Mimi sitaki ngumi mjomba, samahani. Nipo timu ya kikapu shuleni, kocha amesema nikipungua kilo kumi nitaanza.

Shangazi Rehema: Alhamdulillah.

Mama Idrisa: Hujaniambia!

Idrisa 🏀: Nilikuambia mama, ukasema viatu ghali.

Mjomba Hamisi: Kikapu. Mwili wote ule.

Mama Idrisa: Hasheem Thabeet katoka hapa hapa Dar, 2009 akachaguliwa wa pili NBA. Nitajie wewe bondia wetu wa uzito wa juu aliyefika huko.

Salim Kent: Mandonga 😂 na ile ngumi yake ya sugunyo

Mjomba Hamisi: Salim lipa mchango.

Shangazi Rehema: Ndiyo. Na wewe Hamisi pia haupo kwenye orodha.

Mjomba Hamisi: Bando limekwisha.

Mama Idrisa: Idrisa, viatu hivyo namba ngapi?

Idrisa 🏀: 47

Mama Idrisa: Yaa Rabi.