Mama ameacha dawa za sukari, anakunywa majani ya stafeli. Naomba ushauri

Mtanga_Ndeeba
Habari zenu wandugu. Mimi ni mtu wa Tanga, mwaka wa nane huu niko Kampala. Mama yangu yuko kwangu tangu mwezi wa nne. Ana sukari na presha, anatumia metformini na kidonge kimoja cha presha. Jirani yetu, nnyabo (mama wa Kiganda) mwema kweli, ana mti wa kitafeli nyuma ya nyumba (ni stafeli lile lile la kwetu). Kamwambia mama majani yakichemshwa yanamaliza sukari, presha, hata kansa. Basi kila alfajiri nakuta sufuria kwenye sigiri, majani kumi na kitu, maji yamekolea kama chai ya rangi. Wiki ya tatu hii. Juzi napanga dawa zake, nakuta metformini haijaguswa. Kumuuliza, ananijibu: "Hii kaiotesha Mungu, haina sumu." Nifanyeje? Na tunda lenyewe ale? Analipenda mno.

Boda_Kibuye
Ssebo, babu yangu Masaka anakunywa hayo majani miaka yote, na baiskeli bado anapanda. Mwache mama.

Sista_Zamu_ya_Usiku
Boda, babu yako ana sukari? Kama hana, basi hana cha kutufundisha hapa.
Kaka Mtanga, mimi ni muuguzi. Habari ya kansa imetoka maabara: dondoo la majani liliua seli za kansa kwenye vyombo na kwa panya. Kwa binadamu haijathibitishwa kuwa linatibu. Na sumu ipo. Majani na mbegu vina kitu kinaitwa anonasini, kinachodhuru seli za ubongo. Kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, mwaka 1999 madaktari waliandika kuhusu wagonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, mfano wa Parkinson, ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Wengi wao walikuwa watumiaji wa stafeli na chai ya majani yake. Haijathibitishwa kwamba ndiyo iliyowaletea ugonjwa, lakini mimi nisingemnywesha mama yangu kila siku.
Cha haraka ni dawa. Mpime sukari kesho kabla hajala, umrudishe kliniki. Na mwambieni daktari kuhusu majani, msifiche! Yanaweza kushusha presha juu ya kidonge chake, akasimama akaona kizunguzungu.

Mama_Juisi_Nakasero
Tunda ale, ila kwa kipimo. Gramu 100 za nyama yake zina sukari kama gramu 13 na nusu. Akimaliza nusu kilo, hiyo ni zaidi ya gramu 65, na stafeli kubwa linapita kilo mbili! Faida zake ni nyuzinyuzi na vitamini C, basi. Mkatie kipande, ale kwa kijiko, atafune. Juisi ya kuchuja inaacha nyuzi nyingi kwenye chujio, halafu watu wanaongeza sukari juu. Mbegu toa zote kwa mkono, usizisage kwenye blenda. Zamani watu walizisaga kuulia chawa.

Boda_Kibuye
Chawa?? Leo nampigia babu.

Mtanga_Ndeeba
Ahsanteni. Nimempima asubuhi kabla hajala: 14.6. Amekitazama kile kimashine akasema kimeharibika. Nikajipima mimi mbele yake, 5.2. Akanyamaza, akaomba maji ya kumezea kidonge. Nikamwambia tule kwanza. Kliniki ni Jumatatu, na amekubali niwaonyeshe hayo majani. Tatizo limebaki kwa jirani: jioni hii kaleta kifungu kingine, kakifunga vizuri kwa jani la mgomba. Nimepokea, nimeshukuru. Huyu nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?

Sista_Zamu_ya_Usiku
Mwalike Jumatatu mwende naye.