Utafiti wa sukari na mifumo ya taarifa, nichague kimoja au?

karafuu_mbichi
Asalaam aleykum wanajukwaa. Mie nipo Pemba, ni afisa tabibu, kliniki ya sukari huu mwaka wa nne, na mwakani inshaallah nataka nianze masta. Kila nikikaa kuandika andiko la utafiti nakwama pale pa eneo la utafiti, maana kazi yangu ni tiba, maradhi yanayonishughulisha ni sukari, lakini kinachonikosesha usingizi ni madaftari. Wiki ilopita kaja bi mkubwa mmoja na kadi tatu, moja ya kwetu, moja ya Unguja alikokwenda kukaa kwa mwanawe, moja ya dispensari ya binafsi, kila kadi na dozi yake, nikimuuliza anatumia ipi ananambia mwanangu mie nakunywa zile nyeupe. Basi ikabidi ninakili zote kwa mkono na foleni imefika mlangoni. Sasa wenzangu wananambia wewe ama uwe mtu wa tiba ama uwe mtu wa kompyuta. Nifanyeje jamani?

fundi_wa_data
Waaleykum salaam afisa. Usichague, hiyo fani ipo na inaitwa infomatiki ya afya, yaani kushughulikia taarifa za wagonjwa kwa kompyuta, watu wanaisomea mpaka PhD. Hata DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya mnaopelekea ripoti za mwezi, imetokana na utafiti, mizizi yake ni Afrika Kusini baada ya 1994 na Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachoiendeleza. Ila ripoti ile ya mwezi ni jumla tu, inakwambia kliniki imeona wagonjwa kadhaa, huyo bi mkubwa wako wa kadi tatu anaweza akahesabiwa watu watatu na hakuna atakaejua. Ipo sehemu yake inaitwa Tracker inayomfuata mtu mmoja mmoja, lakini hapo ndo unakutana na shida ya majina yetu. Sie huku Mohamed Ali Mohamed unaweza ukawapata shehia moja watano, mwengine kaandikwa Muhammad. Kuna njia kongwe ya kompyuta ya kulinganisha majina kwa sauti, Soundex, ilisajiliwa Marekani 1918 kwa majina ya kwao. Ijaribu kwa majina ya huku uone: kila jina inalipa alama ya herufi ya mwanzo na tarakimu tatu, Mohamed na Muhammad inawapa alama moja, sawa, lakini Khamis anapata K520 na Hamis H520, yaani mtu mmoja kageuka wawili kwa herufi ya mwanzo tu, halafu Salum, Salim na Salma wote wanatoka S450! Sasa fikiria dozi ya insulini ya Salum imeingia kwenye faili la Salma. Mie naona hapo pana utafiti mzima, na hawezi kuufanya mtu wa kompyuta peke yake maana hajui kosa lipi linaua na lipi linasumbua tu.

dokta_mstaafu
Mwanangu, fundi kasema kweli lakini usikimbilie mashine kabla hujaijua namba unayoiingiza. Chukua HbA1c. Inapima sukari iloganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe inaishi kiasi cha siku 120, ndo maana tunasema inaonesha miezi miwili mitatu ilopita, na ikifika 6.5% tunasema huyu ana sukari. Sasa mgonjwa mwenye selimundu (sickle cell) chembe zake hazifiki umri huo, kipimo kinatoka chini, unamwambia hongera na kumbe sukari ipo juu. Huku kwetu selimundu ipo, nyote mnajua. Mfumo usiokuwa na sehemu ya kuandika hilo utakuletea grafu nzuri na ya uongo. Na jengine ni Ramadhani, muongozo unasema sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 mmol/L mgonjwa afungue, na kujitoboa kidole kupima hakufunguzi, lakini nani ana rekodi ya wagonjwa wetu walofunga, wakapima saa ngapi, wakafungua siku ngapi? Miaka yangu yote ya kazi sikuiona mahali. Kibali cha maadili utakiomba Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI), kianze mapema. Na hapo hapo Chake mna maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, nenda ukazungumze nao.

ummu_mkoani
Samahanini mie si mtaalamu, baba yangu anadunga sindano mwaka wa sita. Kaka afisa nakuomba kwenye utafiti wako muulize na anaemhudumia mgonjwa nyumbani. Mie nna daftari langu la skuli nimeandika sukari yake asubuhi na jioni, na siku umeme ulipokatika nikaweka dawa kwenye mtungi, na siku vijiti vya kupimia vilipokwisha, yote yamo. Nikenda nalo kliniki hakuna hata siku moja walolifungua, wanatizama kadi yao tu.

karafuu_mbichi
Dada ummu, hilo daftari nakuomba nilione, wallahi na mie nimeshawarudishia watu madaftari kama hayo bila kuyafungua, naumia nikikumbuka. Dokta shikamoo na ahsante, suala la selimundu nalijua ila sikuwahi kulifikiria kama ni sehemu ya fomu. Fundi, Jumamosi natoa rejista yetu ya mwaka jana niyapange majina yote nione kadi ngapi ni za mtu mmoja, kwa mkono kwanza. Nikikwama na hao kina Khamis nakutafuta.