Kujitolea Ujerumani: niende kwa wazee, au nimlipe huyu wakala wa watoto?

Binti wa Nkuhungu
Habari zenu wana Dodoma na wengine. Nina miaka 24, nimemaliza stashahada ya ustawi wa jamii, kwa sasa namsaidia mama kuuza karanga na ubuyu pale Majengo. Kupitia kanisani nimepata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja Ujerumani, kwenye nyumba ya wazee. Chumba, chakula, bima na posho ni juu yao. Shida ni kwamba moyo wangu uko kwa watoto, hata fildi nilifanyia kwenye kituo cha watoto. Sasa kuna kaka kwenye grupu la WhatsApp anasema ana nafasi kwenye "kituo cha yatima" huko huko Ujerumani, ila nitangulize milioni mbili na laki tatu ya usajili, mwisho Ijumaa. Mama naye anasema, "Miaka yote hiyo shuleni, halafu ukaogeshe wazungu?" Waliowahi kwenda naombeni ukweli.

Mzee wa Makole
Milioni mbili na laki tatu ni vipimo vingapi vya karanga? Mwambie mama asifungue hicho kibubu. Mtu anayekukimbiza na Ijumaa hana nafasi, ana madeni.

Dada wa Ipagala
Mdogo wangu, mimi nilienda Septemba 2022 nikarudi Agosti 2023. Nyumba ya wazee, mji mdogo ambao hata Wajerumani wenyewe nikiwatajia wanauliza uko wapi.

Naanza na huyo kaka. Hilo neno "kituo cha yatima" ndilo linalomuumbua. Kule mtoto asiyeweza kukaa na wazazi wake anashughulikiwa na ofisi ya serikali wanayoiita Jugendamt. Inampeleka kwa familia ya kulea, au kwenye nyumba ya watoto wachache yenye walezi waliosomea kazi hiyo. Hakuna bweni la yatima linalomngoja binti atoke Nkuhungu aje kuwapakata. Na ukipangiwa kazi ya watoto utadaiwa kwanza hati ya polisi kwamba huna rekodi mbaya. Muulize kama hiyo hati ameitaja. Najua hajaitaja.

Utaratibu wa serikali niliokwenda nao mimi ulianza 2011, waliposimamisha jeshi la lazima. Kabla ya hapo vijana waliokataa bunduki walikuwa wanapelekwa hospitalini na kwenye nyumba za wazee, sasa ghafla hawapo. Mkataba wangu uliandikwa saa za kazi, posho, likizo, na siku 25 za semina kwa mwaka. Sheria yao pia hairuhusu ukae kwenye nafasi ya mwajiriwa. Wa kwako usome mstari kwa mstari, na kama hujui Kijerumani tafuta wa kukusomea. Si huyo kaka.

Kazi yenyewe sasa. Saa kumi na mbili na robo uko zamu, na Desemba nje bado ni giza kama saa tisa usiku wa huku. Dawa nilikuwa sigawi, nilikatazwa. Nilipaka mikate siagi, nilisukuma viti vya magurudumu, nilitandika vitanda. Na ndiyo, mwambie mama, niliogesha watu. Siku ya kwanza ilikuwa babu wa rika la babu yangu, mikono ikakataa kabisa. Nesi akanionyesha: unamfunika taulo zima, unatoa mkono mmoja, unauosha, unaukausha, unaufunika, ndipo unagusa wa pili. Mtu hakai uchi hata dakika moja. Mimi huku nyumbani nimewahi kuona bibi anamwagiwa maji uani mbele ya wajukuu, tukaona kawaida.

Kulikuwa na bibi mmoja, kila chakula cha mchana anaficha mkate kwenye pochi. Wenzangu walikuwa wanausafisha jioni, umeota ukungu, wanatikisa kichwa. Kijerumani changu kilipofika mahali nikamuuliza. Akasema ana miaka kumi wakati vita imekwisha, na baridi ya 1946 kuingia 1947 walichemsha maganda ya viazi. Nilicheka kidogo, kisha nikashindwa kumaliza kicheko. Bibi yangu wa Mvumi alikuwa na kibuyu cha uwele juu ya dari, haruhusiwi mtu kugusa, kwa sababu mama yake alimsimulia ile njaa ya Mtunya. Nyinyi Wagogo mnaijua: 1917 hadi 1920, mvua hakuna, na majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalishachukua nafaka na ng'ombe. Nikabaki nimeshika pochi ya Mjerumani yenye mkate, nikimfikiria mama wa bibi yangu, aliyeachiwa njaa na jeshi la kwao. Sikumwambia. Jioni ile niliutoa mkate ulioharibika nikaweka mpya, na nikafanya hivyo mpaka alipofariki Mei.

Posho yangu ilikuwa euro 380. Usiende kutafuta hela.

Mjomba Chamwino
Nimestaafu ustawi wa jamii, binti, kwa hiyo niseme upande wa watoto tu. Unawapenda, vizuri. Lakini kituo kimoja nilichokuwa nakagua kilipokea wageni wa kujitolea wa miezi miwili miwili, wazuri tu, na pipi zao. Kulikuwa na mtoto wa miaka minne, akiona mgeni anafunga begi la mgongoni anakwenda kulikalia. Halii, anakaa tu. Wanambeba, anarudi. Desemba 2019 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na madhara ya wageni wa aina hii yametajwa humo. Mimi niliyajua kwa lile begi. Ukitaka watoto, omba kazi hapa hapa, ukae miaka.

Binti wa Nkuhungu
Shikamoo mjomba, asanteni wote. Kaka nimemuuliza hati ya polisi, akasema "hiyo tutaimaliza ndani kwa ndani", nikamblok. Nimemsomea mama habari ya taulo. Hakusema kitu, akaendelea kuchambua karanga. Baadaye akauliza kama mlenda mkavu unapita uwanja wa ndege.

Dada wa Ipagala
Wangu waliusimamisha Frankfurt. Kijana akafungua mfuko, akanusa, akaniangalia, akanusa tena, akanirudishia. Ufunge mifuko miwili, unga wake unaingia mpaka kwenye soksi.