Mbegu za Callirhoe involucrata hazichipui

Swali
Wanabustani wa Kansas, Marekani, naomba msaada. Mbegu za Callirhoe involucrata (ua la porini la huku) nilizopanda Aprili hazijaota, na mche niliouhamisha kutoka kitalu kwenda ardhini umenyauka. Udongo ni wa mfinyanzi. Kasoro iko wapi?

Jibu
Ni ganda la mbegu. Mmea huu ni wa familia moja na bamia na pamba, na ganda la mbegu yake ni gumu, halipitishi maji. Sugua mbegu kidogo kwa msasa mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana. Ukizidisha unaua kiini. Kisha changanya na mchanga wenye unyevu, weka kwenye friji (si friza) siku 30 hivi, halafu panda kina cha nusu sentimita. Au zipande nje mwezi wa Novemba, baridi ifanye kazi hiyo.

Jibu
Naongezea kuhusu mche. Mzizi mkuu ni mnene kama karoti na huzama sana; ukikatika wakati wa kuhamisha, majani hunyauka hata ukimwagilia. Hamisha ungali mdogo, au panda moja kwa moja mahali pa kudumu penye jua kutwa. Acha nafasi ya sentimita 90, maana matawi hutambaa.

Jibu
Na mfinyanzi usiupuuze! Maji yakituama majira ya baridi, shingo ya mzizi huoza. Inua tuta kwa mchanga na changarawe. Mbolea usiweke kabisa: ukiweka utapata majani mengi, maua machache.